Kujiandaa na mtihani wa uzamili wa bioteknolojia ukiwa ughaibuni

Wengi wetu tunarudi kwenye masomo baada ya miaka kadhaa ya kazi za zamu, na jambo la kwanza tunalofanya ni kununua kitabu kinene na kuanza ukurasa wa kwanza. Usianze hivyo. Tafuta silabasi ya mtihani wenyewe na karatasi za miaka iliyopita. Chukua karatasi moja, weka saa mezani, ifanye yote kabla hujasoma chochote, kisha ujisahihishe. Alama zitakuuma, lakini utajua pengo lako liko wapi.

Kwa niliowaona wakijiandaa, pengo mara nyingi liko kwenye hesabu. PCR, njia ya kunakili DNA maabara kwa mizunguko, kila mtu anaijua kwa jina. Swali linakuja hivi: ukianza na molekuli 10 za DNA, baada ya mizunguko 20 utakuwa na ngapi? Kila mzunguko unaongeza mara mbili. Mbili ikizidishwa yenyewe mara ishirini (2^20) ni 1,048,576, zidisha kwa 10, umevuka milioni 10. Au bakteria E. koli inayogawanyika kila baada ya dakika 20: saa 3 ni migawanyiko 9, hivyo seli 1,000 zimekuwa 512,000. Fanya maswali ya namna hii kila siku, kwa kalamu, pamoja na ya kuzimua miyeyusho (C1V1 = C2V2, yaani ukolezi mara ujazo, kabla na baada ya kuzimua), mpaka mkono uzoee.

Halafu kuna mitego. Kimeng'enya EcoRI hukata DNA penye mfuatano wa herufi GAATTC. Plasmidi, yaani DNA ndogo ya duara ya bakteria, ina sehemu tatu za namna hiyo. Utapata vipande vingapi? Chora duara, tia alama tatu, kata: vitatu. Sasa chora uzi ulionyooka, tia alama tatu, kata: vinne. Aliyesoma bila kuchora huchanganya hapo, na majibu yote mawili yanakuwa yamepangwa kwenye chaguo. Chora kila kitu. Hata vizuizi vya vimeng'enya: kile kinachogombea nafasi na sabstreti (kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi) hupandisha Km (kiasi cha sabstreti kinachofikisha nusu ya kasi ya juu) na kuiacha Vmax (kasi ya juu kabisa) ilivyo, kwa hiyo kwenye grafu ya Lineweaver-Burk (1/kasi dhidi ya 1/kiasi cha sabstreti) mistari ya yenye kizuizi na isiyo nacho hukutana kwenye mhimili wa wima. Ukishaichora mara tano huisahau tena.

Majaribio makubwa yasome kama kesi. Mwaka 1958 Meselson na Stahl walikuza bakteria kwenye naitrojeni nzito, wakawahamishia kwenye nyepesi. DNA ilipotenganishwa kwa uzito, kizazi cha kwanza kilitoa bendi (mstari wa DNA) moja ya uzito wa kati. Cha pili kikatoa mbili, ya kati na nyepesi. Jiulize: kama DNA kongwe ingebaki nzima na nakala kuwa mpya kabisa, kizazi cha kwanza kingeonyesha nini? Bendi mbili, nzito na nyepesi. Watunga mitihani hupenda sana swali la aina hii.

Kama jibu baya linakatwa theluthi ya alama na chaguo ni nne, kubahatisha kwa upofu hakukupi wala hakukunyimi, kwa wastani. Ukiweza kufuta chaguo moja kwa uhakika, hesabu inageuka upande wako. Jibu.

Kuhusu lugha: eleza mada kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamfundisha mdogo wako. Unapokwama ndipo hujaelewa. Kisha kariri istilahi kwa lugha ya mtihani. Hesabu zifanye kabla ya zamu, akili ikiwa bado nyepesi. Kadi za istilahi zinatosha njiani.

Nakala rasmi za matokeo kutoka nyumbani ziombe mapema kuliko unavyodhani inahitajika, maana zikifika huenda zikahitaji kutafsiriwa na mtafsiri anayetambulika. Na jina unalojisajilia lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, hata kama vyeti vyako vya zamani vina jina la tatu ambalo pasipoti haina. Tofauti hiyo iulizie kwa maandishi kabla dirisha la usajili halijafungwa.