Namna ya Kusoma Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani Ukiwa Dar es Salaam

Hukumu kubwa za Mahakama ya Juu ya Marekani hutolewa zaidi mwezi Juni, kwa kawaida saa nne asubuhi kwa saa za Washington, yaani saa kumi na moja jioni kwetu Dar es Salaam. Ifikapo usiku, mjadala umekwishapamba moto miongoni mwa mawakili na wanafunzi wa sheria wa Mlimani, mara nyingi kabla ya yeyote kuifungua hukumu yenyewe, ingawa inapatikana bure katika tovuti ya Mahakama hiyo.

Ukiifungua, tafuta kwanza swali ambalo Mahakama iliombwa ilijibu. Shauri la Trump v. CASA, lililoamuliwa tarehe 27 Juni 2025, linaonyesha vizuri kwa nini jambo hilo hutangulia mengine yote. Rais Trump alikuwa ametoa amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio raia wala wakaazi wa kudumu, na majaji wa mahakama za chini wakaizuia nchi nzima. Majaji sita dhidi ya watatu walipoipa Serikali ushindi, ilikuwa rahisi kudhani kwamba wameibariki amri hiyo. Hawakuibariki. Serikali haikuwaomba waamue kama amri inapatana na Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanayowapa uraia wanaozaliwa nchini humo. Iliuliza tu kama jaji anaweza kutoa zuio linalowalinda hata watu wasio wadaawa, yaani wasio upande wowote katika shauri lililo mbele yake. Jaji Amy Coney Barrett, aliyeandika maoni ya wengi, alisema kwamba yaelekea mamlaka hayo hayatokani na Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789, na suala la uraia akaliacha bila kuliamua.

Baada ya hapo hesabu kura, na uzihesabu kwa kila hoja. Katika shauri la Dobbs la mwaka 2022, majaji sita waliafiki kwamba sheria ya Mississippi kuhusu utoaji mimba ibaki, lakini ni watano tu waliotengua Roe, hukumu ya mwaka 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba, kwa kuwa Jaji Mkuu John Roberts aliona hakukuwa na haja ya kufika huko. Usiishie kwenye muhtasari ulio mwanzoni, kwa sababu huandaliwa na ofisa wa Mahakama na si sehemu ya hukumu.

Maoni pinzani nayo yasomwe, hasa pale majaji wanaofuata njia moja wanapoachana. Jaji Clarence Thomas aliandika hukumu ya Bruen mwaka 2022, akitaka sheria za silaha zipimwe kwa historia ya nchi; mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, wenzake wanane walitumia kipimo hicho hicho kuafiki kumnyang'anya silaha mtu aliyethibitika kuwa tishio kwa mwenzi wake, naye akapinga peke yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ugumu wa kuisoma Katiba kwa maana yake ya kale unapoonekana waziwazi kuliko katika makala yoyote ya nadharia.

Angalia pia kama shauri lilianguka mlangoni. Mwaka 2024 madaktari waliopinga hatua za Serikali za kulegeza masharti ya mifepristone, dawa ya kutoa mimba, walishindwa kwa kauli moja kwa sababu hawakuonyesha madhara yaliyowapata wenyewe, bila Mahakama kuamua uhalali wa hatua walizozipinga. Msomaji wa hapa atakumbuka marekebisho yetu ya mwaka 2020 katika sheria ya kudai haki za kikatiba mahakamani, yaliyomtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika binafsi.

Iwapo unakusudia kuitumia hukumu hiyo mbele ya Mahakama Kuu yetu, kumbuka kwamba haiwafungi majaji wa Tanzania, na uisome pamoja na Ibara ya 30(5) ya Katiba ya mwaka 1977, inayoiruhusu Mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuibatilisha sheria papo hapo.