Kinyago cha kurithisha, anza na kitako

Ukitaka kinyago cha Kimakonde kitakachofika kwa wajukuu, kigeuze uangalie kitako kabla ya kuuliza bei. Kinyago kama hicho huchongwa kwa mpingo, mti mzito ambao weusi wake uko kwenye kiini. Sehemu ya mti iliyo nje ya kiini, kuelekea gome, huwa ya manjano hafifu. Sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikichafuka, kinyago kimepakwa kiwi ya viatu. Hilo peke yake si kosa, maana hata mpingo halisi hung'arishwa hivyo, kwa hiyo amua kwa uzito: mpingo huzama majini, mti mwepesi uliopakwa rangi huelea.

Kwa harusi mimi huchagua mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliobebana kwenye gogo moja. Wanyama waachie watalii.

Mwombe fundi achonge kitakoni jina lake, mahali na mwaka, nawe uongeze jina la anayepewa. Karatasi ya kubandika itabanduka.

Nyumbani, usikiweke juani wala mbele ya kiyoyozi; mpingo ukikauka ghafla hupasuka. Vumbi lifutwe kwa brashi laini, kavu.