Kulinganisha umeme wa antena na kipokezi cha GPS botini

Plagi ya antena kuingia barabara kwenye kipokezi si dalili kwamba viwili hivyo vinapatana. Antena nyingi za siku hizi zina kikuza mawimbi ndani yake, kwa kuwa mawimbi ya GPS ya megahezi 1575.42 hufika yakiwa hafifu mno, na kikuza hicho hulishwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu unaotoka kwenye kipokezi na kupanda kwa waya uleule unaoteremsha mawimbi.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga antena ngeni, soma kibandiko chake ujue inataka volti ngapi na inakula miliampea ngapi, kisha ulinganishe na kijitabu cha kipokezi. Antena ya volti 5 ikipewa 3.3 huenda ikafanya kazi kwa kuzubaa au isifanye kabisa. Ya volti 3.3 pekee ikipewa 5 yaweza kuungua.

Kibandiko kikiwa kimefutwa na chumvi, jambo la kawaida kwa boti za Lamu, walau upande wa kipokezi unapimika. Chomoa antena, washa kipokezi, gusisha ncha nyekundu ya mita ya volti kwenye pini ya kati na nyeusi kwenye ganda la plagi, ukichunga sana ncha zisigusane, maana hiyo ni shoti. Ukisoma sifuri, tazama kwanza kwenye menyu, kwani katika baadhi ya vipokezi umeme huu huwashwa huko.

Miliampea nazo zina vituko vyake. Kipokezi kinachokagua antena kikiona mkondo mdogo kuliko kilivyozoea hutangaza kwamba antena haipo, ilhali ipo na ni nzima. Antena isiyo na kikuza, ambayo pini yake imeunganishwa na ganda kwa ndani, huonekana kama shoti. Hiyo iwekewe kapasita ya kuzuia umeme huo wa mkondo mnyoofu huku ikipitisha mawimbi. Vipokezi viwili vikigawana antena moja, kimoja tu ndicho kiilishe.

Ile ya umbo la uyoga yenye nyaya kadhaa na inayotumia volti 12 za betri kwa kawaida ni kipokezi kamili, kwa hiyo usiichanganye na hizi.

Kutu ya kijani kwenye plagi huvujisha umeme kati ya pini na ganda. Mimi huisafisha na kuifunga kwa tepu ya mpira kabla ya kuishuku antena. Mwisho, sogeza boti mbali na mikoko, usome kwenye kipokezi nguvu za mawimbi ya setilaiti zilizo karibu na utosi wa anga: desibeli-hezi (kipimo cha nguvu za mawimbi dhidi ya kelele) 40 na zaidi zinatosha.