Kutumia “run out of” kwa Kiingereza na kuisema kwa Kihispania

Ukijua kutofautisha “tumeishiwa na maji” na “maji yametuishia”, kazi kubwa umeshaimaliza, kwa sababu Kihispania nacho kina njia hizo mbili.

Hatua ya 1: Angalia kinachotangulia. Mtu akitangulia, Kiingereza hudai “of”: “We have run out of water.” Kitu kikitangulia, “of” huondoka: “The water has run out.” Kwa jambo lililopita sema “ran out”, baada ya “have” rudi kwenye “run”.

Hatua ya 2: Mtu akitangulia, tumia “quedarse sin”: me quedé (mimi), te quedaste (wewe), se quedó (yeye), nos quedamos (sisi), se quedaron (wao). “Me quedé sin batería”, simu imeniishia chaji. Kwa kawaida baada ya “sin” usiweke “el” wala “la”, yaani “the” ya Kihispania.

Hatua ya 3: Kitu kikitangulia, tumia “acabarse”. Hapa tulia, maana ndipo wengi wanapokwama, na ndipo Kiswahili kinapokubeba. “Se nos acabó el agua”: hiyo “nos” inafanya kazi ya “-tu-” katika “yametuishia”. Kitenzi nacho hufuata kitu, si mtu. “Se me acabó el azúcar”, sukari imeniishia. “Se me acabaron los huevos”, mayai yameniishia. Huo ni upatanisho tuliokua nao. Safari hii “el” na “los” zinatakiwa. Ukisema “me acabé el azúcar”, umesema umeimaliza sukari wewe mwenyewe!

Hispania utasikia zaidi “se nos ha acabado” kwa jambo la sasa hivi; Mexico husema “se nos acabó”. Zote sahihi.

Hatua ya 4: Kitu kikiwa kinaelekea kwisha: “We are running out of time”, “Se nos está acabando el tiempo”.

Hatua ya 5: Kagua nomino. “She ran out of the shop” haina kilichokwisha, alitoka dukani mbio: “Salió corriendo de la tienda.” Ukiona mahali, achana na “quedarse sin”.

Kwa tiketi au bidhaa zilizokwisha sokoni, “agotarse” ndiyo hasa: “Las entradas se agotaron.”

Sasa jaribu bila kutazama juu: mishumaa imetuishia.

Majibu: “We have run out of candles.” “Se nos acabaron las velas.” Au “Nos quedamos sin velas.”