Kiingereza: lini uandike “left” na lini uandike “had left”

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huogopeshwa mapema na wakati uliopita timilifu, yaani ule unaoundwa kwa “had” na umbo la tatu la kitenzi, ilhali tofauti hiyo anaitumia kila siku katika lugha yake mwenyewe. Tazama: “Nilipofika stendi, basi liliondoka” na “Nilipofika stendi, basi lilikuwa limeondoka.” Katika sentensi ya kwanza nililiona likiondoka, pengine lilikuwa likinisubiri mimi, katika ya pili sikulikuta kabisa. Kiingereza hutenganisha vivyo hivyo: “When I reached the stand, the bus left” na “When I reached the stand, the bus had left.” Basi kabla ya kuandika, jiulize kama kwa Kiswahili ungesema “liliondoka” au “lilikuwa limeondoka”, na mara nyingi jibu utakuwa umelipata.

Matukio yanaposimuliwa kwa mpangilio yalivyotokea, pale ambapo sisi hutumia “-ka-”, “had” haina kazi. “Niliamka, nikanywa chai, nikaenda shuleni” ni “I woke up, drank tea and went to school.” Wanafunzi wengi hudhani kwamba “had” ni alama ya jambo la zamani sana, wakaandika “I had visited Mombasa in 2015” bila tukio jingine lolote la kulinganisha nalo. Umbali wa wakati hauhusiki, vita vilivyokwisha mwaka 1918 navyo husimuliwa kwa “The war ended in 1918.” Kinachohitajika ni msimulizi aliyesimama kwenye tukio la zamani, akatazama nyuma kwenye lililolitangulia.

Mtego mkubwa zaidi, ambao nadhani haufundishwi vya kutosha, unatokana na Kiswahili chenyewe. Tunasema “Nilikuta wamefunga mlango”, wala hatuhitaji “walikuwa”, kwa sababu “-me-” hapo huegemea “nilikuta”. Mwanafunzi akiiona hiyo “-me-” huandika “I found that they have locked the door”, na sentensi inaharibika, kwa kuwa “have” hutazama mambo kutoka sasa, si kutoka siku ile nilipofika mlangoni. Sahihi ni “I found that they had locked the door.” Vivyo hivyo, “Alisema amelipa ada” katika simulizi ya mambo yaliyopita ni “She said she had paid the fees.” Kwa hiyo “-me-” inapofuata vitenzi kama nilikuta, niliona, aligundua au alisema, ichunguze kwa makini, maana mara nyingi ni “had” iliyojificha.

Maneno “before” na “after” yenyewe huonyesha kipi kilitangulia, ndiyo maana “The bus left before I arrived” ni sahihi hata bila “had”, nami huona ni afadhali kuiacha.

Baada ya “had” huja umbo la tatu: “had gone”, kamwe si “had went”, “had seen”, si “had saw”. Katika kusoma, kumbuka kwamba “’d” hufupisha maneno mawili tofauti, hivyo tazama kitenzi kinachofuata: “I’d left” ni “had”, nilikuwa nimeondoka, “I’d leave” ni “would”, ningeondoka.