Kupima zege la daraja bila kulitoboa

Adui wa madaraja ya Dar ni chumvi. Kuanzia Salenda hadi Kigamboni, upepo wa bahari unaipaka kwenye zege, nayo inapenya polepole mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege linaachana kwa ndani kabla hujaona ufa wowote. Ndiyo maana mimi sianzi na mashine.

Hatua ya 1: nyundo ndogo na chaki. Nenda maji yakipwa, asubuhi na mapema, kabla makelele ya daladala hayajakuzidi. Gonga boriti kila baada ya shibiri moja. Zege zima linalia "ting" na nyundo inaruka mkononi. Lililoachana linajibu "bu", kama debe bovu. Zungushia chaki papo hapo. Ukisema utakumbuka, hukumbuki.

Hatua ya 2: nyundo ya Schmidt, ile ya springi inayopima ugumu wa ngozi ya zege kwa namna inavyoruka nyuma. Ijaribu kwanza kwenye chuma chake cha kupimia. Inatakiwa isome 80, ikipishana sana isizidi 2. Sugua zege kwa jiwe lake, kisha piga mara 10, pigo na pigo yakiachana angalau milimita 25. Kwepa kokoto zilizojitokeza. Tafuta wastani, tupa namba iliyopishana nao kwa zaidi ya 6. Zikiwa zaidi ya mbili, rudia zote. Andika pia ulipigia wapi: juu, chini au ubavuni, kwa sababu namba hubadilika.

Hapa niliwahi kuumbuka. Kalavati la zamani lilinipa wastani mzuri kabisa, nikaandika "salama". Baadaye kipande kikadondoka, nondo zimeliwa. Zege la zamani likishavuta hewa ya ukaa, ngozi yake huwa ngumu kuliko nyama. Na nyundo hii haijui kutu.

Hatua ya 3: volti. Ufito wa shaba ndani ya maji ya mrututu yaliyokolea, waya mmoja wa mita ya volti hapo, mwingine kwenye nondo iliyokwisha kuchungulia. Lowesha zege, pima kila nusu mita. Ikiwa juu ya -200 milivolti, yaani upande wa sifuri, kutu huenda haipo. Ikivuka -350 kwenda chini, karibu hakika inafanya kazi.

Ila usipime mguu wa nguzo unaoshinda majini. Utasoma namba za kutisha kwa sababu tu oksijeni haifiki. Pandisha kidogo, juu ya mstari wa chaza, panapolowa na kukauka kila siku.