Kutumia marejeo ya kulipia kwa pamoja bila kugawana nywila

Tunaoandika Wikipedia ya Kiswahili hapa Dar hukwama mahali pamoja: makala ya kitaaluma unayoitaka iwe chanzo ipo, ila haisomeki mpaka ulipe kwa dola. Njia ya mkato kila mtu anaijua. Mmoja analipia, nywila inarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Msifanye hivyo. Mchapishaji akiona akaunti ya mtu mmoja inafunguliwa Mbagala, Tegeta na Kigamboni kwa wakati mmoja, anaweza kuifunga, na aliyelipia ndiye anayebaki na hasara.

Hatua ya 1: Jueni nani ana nini

Tengenezeni jedwali: jina la hifadhidata (tovuti inayokusanya makala za kitaaluma), nani anaifikia, usajili unaisha lini. Nywila isiandikwe humo.

Hatua ya 2: Malizeni kwanza vya bure

Hapa ndipo wengi huruka. Maktaba ya Wikipedia humfungulia mhariri JSTOR na hifadhidata nyingine nyingi bila malipo. Masharti: akaunti iwe na umri wa miezi 6, uwe na uhariri 500, kati ya huo 10 uwe wa mwezi uliopita, na usiwe umezuiwa popote. Uhariri wa Wikidata na Commons, miradi dada ya Wikipedia, nao unahesabiwa, kwa hiyo mgeni mwenye bidii hufika mapema kuliko anavyodhani.

Asiyetimiza bado ajisajili JSTOR mwenyewe: atasoma mtandaoni hadi makala 100 kila siku 30. Ni kusoma tu, kupakua hakumo.

Research4Life, mpango wa kufungulia majarida ya kitaaluma ulioanza mwaka 2002 na ya afya, huhudumia taasisi za nchi kama yetu, si mtu binafsi. Ukifanya kazi hospitalini au chuoni, muulize mkutubi. Huenda mmesajiliwa na hakuna anayetumia. Muulize pia kuhusu wageni: leseni nyingi za vyuo, yaani mikataba yao na wachapishaji, humruhusu mtu aliyeketi ndani ya maktaba kusoma. Nauli ya daladala hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ndogo kuliko bei ya makala moja.

Hatua ya 3: Ombeni jibu, msiombe akaunti

Mwenye akaunti anasoma kwa niaba yako. “Nitafutie chochote kuhusu Majimaji” si ombi, ni usumbufu. Taja mwandishi, mwaka, kichwa, ukurasa kama unaujua, na jambo unalotaka kuthibitisha. Yeye atajibu kwa maneno yake, pamoja na dondoo fupi yenye namba ya ukurasa. Hakimiliki hulinda maandishi ya mtu; tarehe ya tukio haina mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi, chanzo kikitajwa.

PDF nzima isiwekwe kundini. Baadhi ya leseni humruhusu msomaji kumtumia mtafiti mmoja nakala, nyingine zinakataza. Someni kipengele cha watumiaji walioidhinishwa kabla ya kubonyeza “tuma”. Mimi napendelea aliyeisoma makala ndiye aweke tanbihi, maana akiulizwa anaweza kujibu.

Hatua ya 4: Mkilazimika kununua

Usajili wa mtu binafsi haugeuki wa kundi kwa sababu mmechanga. Mchapishaji anataka kusaini na chama au asasi iliyosajiliwa. Waandikieni watu wa mauzo: mko wangapi, mko Tanzania, hamfanyi biashara, mnaomba bei ya taasisi ndogo na akaunti ya kila msomaji. Bei ya kwanza msiikubali upesi. Vyuo vikuu vyenyewe hununua kwa pamoja kupitia COTUL, ushirika wa maktaba zao, kwa hiyo ombi la namna hii si geni kwa wachapishaji.

Michango ikamilike kabla ya kusaini, na mweka hazina aonyeshe risiti. Anayejitoa, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Zimeni pia malipo yanayojirudia kwenye kadi, ili mwaka ukiisha muamue upya kwa kuangalia jedwali: hifadhidata ambayo hakuna aliyeiombea kitu msiilipie tena.